Mashine ya kukaushia nguo inatoa harufu ya joto kali: je, niendelee kuitumia?

MamaWatatu

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Naomba msaada kuhusu mashine yangu ya kukaushia nguo, ambayo kwa muda wa wiki 3 sasa imekuwa ikitoa harufu ya joto kali kila ninapoiwasha. Ni mashine ya umeme, ya aina ile inayosukuma hewa yenye unyevu nje ya nyumba kwa bomba, na ina umri wa miaka 6. Harufu yenyewe si ya moshi wala ya plastiki inayoyeyuka. Inafanana zaidi na harufu ya shuka ambalo pasi imeachwa juu yake mahali pamoja kwa muda mrefu. Huanza baada ya dakika 10 au 15, na nikiweka kiganja juu ya mashine siwezi kukiacha hapo, kwa jinsi bati lilivyo la moto.

Yapo mambo mawili ambayo huenda yakawasaidia kunishauri. La kwanza ni kwamba nguo zilizokuwa zikikauka kwa mzunguko mmoja sasa zinahitaji miwili, na mara nyingine taulo hutoka zikiwa za moto sana lakini bado zina unyevu, jambo ambalo sijalielewa hata kidogo. La pili ni kwamba miezi 3 iliyopita mashine iliacha kabisa kutoa joto. Fundi aliyekuja alibadilisha fyuzi ya joto, akaiwasha, ikafanya kazi, akaenda zake. Wiki iliyopita nilimwita fundi mwingine kwa sababu ya harufu hii, naye akashauri aiondoe fyuzi hiyo na kuunganisha nyaya zake moja kwa moja kwa kipande cha waya, akisema kwamba fyuzi hizo husumbua bure na kwamba mashine itakausha vizuri zaidi bila hiyo. Nilimwomba asubiri kwanza.

Kichujio ninakisafisha kila baada ya mzunguko, bila kukosa, kwa hiyo sidhani kwamba tatizo liko hapo. Nina watoto ndani ya nyumba na mashine iko karibu na chumba wanacholala, ndiyo maana nauliza bila kuona haya: je, ni salama kuendelea kuitumia huku nikitafuta chanzo, na ushauri wa yule fundi wa pili nauchukuliaje?

FundiMkongwe

Dada, ulifanya jambo la busara sana kumwomba asubiri. Mashine hiyo usiiwashe tena mpaka chanzo kijulikane, na chomoa plagi yake kwenye soketi leo hii, kwa sababu swichi ya mashine peke yake haitoshi. Nitaeleza baadaye kwa nini. Kuhusu kuunganisha nyaya bila fyuzi, jibu ni hapana, na tafadhali mtu huyo asiiguse tena mashine yako.

Naomba nieleze fyuzi hiyo inafanya kazi gani, kwa kuwa wengi huidhania kuwa ni kipuri kidhaifu kilichowekwa ili kiharibike. Ndani ya mashine ya aina yako kuna walinzi watatu wa joto. Wa kwanza ni themostati ya kawaida, ambayo huzima na kuwasha hita mara kwa mara ili hewa ibaki katika kiwango kilichochaguliwa. Wa pili ni themostati ya kikomo, iliyofungwa kwenye ganda la hita yenyewe, ambayo hukata umeme joto la hapo likipanda kupita kiasi na kuurudisha likishuka. Wa tatu ndiye hiyo fyuzi ya joto, ambayo mara nyingi hufungwa kwenye njia ya hewa inayotoka na hukatika karibu na nyuzi 90 za Selsiasi. Ikishakatika haijirudishi, na imetengenezwa hivyo makusudi ili mwenye mashine alazimike kuuliza sababu. Themostati inaweza kuharibika kwa namna ambayo vidole vyake vya ndani vinagandana na hita haizimwi tena. Siku hiyo, kati ya koili nyekundu, yaani waya wa hita unaopata moto, na nguo zako, kinachobaki ni fyuzi. Fundi wa kwanza alikosea kwa kubadilisha fyuzi bila kuuliza ni nini kilichoikata, na wa pili alitaka kuongeza kosa kubwa zaidi juu ya lile la kwanza.

Sasa kuhusu taulo kutoka zikiwa za moto na bado mbichi, kwangu mimi hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote ulizotaja. Nguo haikaushwi na joto peke yake. Joto hugeuza maji kuwa mvuke, halafu hewa inayopita huuchukua mvuke huo na kuutoa nje. Hewa isipopita, mvuke hubaki ndani ya pipa na nguo hupikwa katika unyevu wake wenyewe. Wakati huohuo hita inaendelea kutoa kiasi kilekile cha joto kila sekunde, na hewa iliyopaswa kulibeba haipo. Hewa ikipungua hadi nusu, kila lita inayobaki inapanda joto karibu mara mbili zaidi ya ilivyokusudiwa. Kwa hiyo kukauka polepole, bati kuwa la moto, harufu, na fyuzi iliyokatika miezi 3 iliyopita huenda vyote ni ugonjwa mmoja, nao ni kuziba kwa njia ya hewa. Kichujio chako kinaweza kuwa safi kabisa na bado bomba lililo nyuma yake likawa limejaa.

Nakuomba utueleze mambo yafuatayo: bomba lako ni la namna gani, lina urefu gani na kona ngapi, na je, mashine ikiwa inafanya kazi umewahi kwenda nje na kuona kama kile kilango cha mwisho wa bomba kinafunguka?

Juhudi

Mama Watatu, pole kwa usumbufu huo. Mimi nilipopata harufu kama hiyo nilishusha kiwango cha joto kutoka cha juu hadi cha kati, na harufu ikapungua sana. Labda ujaribu hivyo kwa sasa, ukisubiri fundi mwaminifu apatikane.

FundiMkongwe

Ndugu Juhudi, nakushukuru kwa kuchangia, lakini kwa hali aliyoieleza dada huyu nisingependa afuate njia hiyo. Katika mashine nyingi, kuchagua kiwango cha kati hakubadilishi nguvu ya hita; hubadilisha tu kiwango cha joto ambacho kikifikiwa themostati huizima. Kama hewa haipiti, themostati iliyoko upande wa kutokea haipati habari sahihi za joto lililoko kwenye hita, na ule uchafu unaofanana na pamba, nyuzinyuzi zinazotoka kwenye nguo, unaendelea kuchomeka palepale ulipo. Harufu kupungua si uthibitisho kwamba chanzo kimeondoka. Nawe pia ningekusihi ulikague bomba lako.

Mpimaji

Nakubaliana na FundiMkongwe katika yote, nami naongeza vipimo kadhaa ambavyo mwenye mashine anaweza kuvifanya au kumsimamia fundi akivifanya, ili jambo hili lisibaki katika kukisia.

Kwanza tenganisha bomba na mashine. Chomoa plagi, ivute mashine mbele polepole, legeza kishikio cha bomba nyuma yake, kisha tazama ndani ya tundu la mashine na ndani ya bomba kwa tochi. Ukishaondoa uchafu unaoonekana, rudisha plagi na uiwashe mashine kwa dakika 2 au 3 tu bila joto, kama ina kitufe cha kupuliza hewa baridi, huku bomba likiwa bado limetenganishwa, na uweke mkono mbele ya tundu. Hewa ikitoka kwa nguvu hapo, ilhali ulipokuwa umeunganisha bomba ilikuwa dhaifu kule nje, basi tatizo liko kwenye bomba. Hewa ikiwa dhaifu hata hapo, tatizo liko ndani ya mashine: kichujio, feni, au mifuko ya nyuzinyuzi katika njia ya ndani. Jaribio hili la kuendesha bila bomba ni la mashine ya umeme peke yake. Mtu yeyote anayesoma hapa na mashine yake inatumia gesi asilifanye kamwe, kwa sababu hewa inayotoka humo ina mabaki ya mwako, ikiwemo kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua.

Pili, kichujio. Dada amesema anakisafisha kila mara, nami namwamini, lakini kuondoa nyuzinyuzi kwa vidole hakuondoi utando mwembamba unaoachwa na zile karatasi za kulainisha nguo zinazowekwa ndani ya pipa. Utando huo hauonekani. Weka kichujio chini ya bomba la maji: maji yakipita mara moja, kiko sawa, yakisimama juu ya wavu kama yaliyomwagwa kwenye sahani, basi hata hewa inapata shida kupita. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini, kisha kikauke kabisa kabla ya kukirudisha.

Tatu, hita yenyewe. Hapa fundi awe na multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, na plagi iwe imechomolewa. Ukinzani wa koili unaweza kuukokotoa kutokana na maandishi ya kibandiko cha mashine: chukua volti, zidisha kwa volti, gawanya kwa wati za hita. Hita ya wati 2,500 katika umeme wa volti 230 inapaswa kusoma karibu ohmu 21. Hita ya wati 5,400 katika volti 240 inasoma kati ya 10 na 11. Kipimo cha muhimu zaidi ni kile cha kati ya ncha ya koili na ganda lake la chuma. Hapo multimita isionyeshe njia yoyote ya umeme. Ikionyesha ohmu chache, maana yake koili imelegea au imekatika na inagusa ganda, na hita ya namna hiyo inaweza kuendelea kuwaka hata themostati inapotaka kuizima. Katika baadhi ya mashine hata baada ya swichi kuzimwa. Nadhani hiyo ndiyo sababu FundiMkongwe alisema swichi haitoshi.

Tahadhari moja kuhusu kipimajoto. Watu wengi hukiweka kwenye bomba, wakaona nyuzi 45, wakaridhika. Bomba likiwa limeziba sana, hewa inayotoka inaweza kuwa ya kawaida tu, kwa sababu themostati ya kikomo inaizima hita kila baada ya muda mfupi, huku mahali penye hita pakiwa na joto kupita kiasi. Pima joto baada ya njia ya hewa kusafishwa, si kabla.

MamaWatatu

Nawashukuru sana, fundi na ndugu Mpimaji, kwa kunieleza kwa utaratibu kiasi hiki. Mashine nimeichomoa tangu jana na nguo zinaanikwa kwenye kamba.

Leo mume wangu ameivuta mbele. Bomba la nyuma ni la karatasi ya alumini, lile linalojikunja kama akodioni, nalo tumelikuta limebanwa kati ya mashine na ukuta mpaka limebaki wazi kwa upana wa vidole viwili. Baada ya hapo linaingia ukutani, lina kona mbili, kisha linatokea nje. Urefu wote ni mita 5 hivi. Tulipoweka tochi ndani tuliona nyuzinyuzi nyingi zilizoshikamana kwenye kona ya kwanza, nyingine zikiwa mbichi. Kilango cha nje kilikuwa kimeganda kwa uchafu na hakifunguki kabisa hata nikikisukuma kwa kidole kwa nguvu kidogo. Maji yalipita kwenye kichujio, ingawa si haraka.

Nina maswali mawili zaidi. Je, bomba la alumini linaweza kusafishwa na kurudishwa, au ni lazima libadilishwe? Na ile harufu, hata kama bomba ndilo chanzo, inatoka kwenye kitu gani hasa? Hofu yangu ni kwamba kuna kitu ambacho tayari kimeshaungua ndani.

FundiMkongwe

Dada, swali lako la pili ni zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na nitaanza nalo.

Harufu ya joto si moja, na fundi mwenye uzoefu huitumia pua kabla ya bisibisi. Harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi, kama uliyoieleza, kwa kawaida ni nyuzinyuzi zinazokauka na kuanza kubadilika rangi karibu na hita. Harufu ya mpira unaoungua huelekea kwenye mkanda unaoteleza juu ya puli, au roli ya pipa iliyokwama. Harufu kali ya vanishi, inayokwama kooni, pamoja na mlio wa kunguruma bila pipa kuzunguka vizuri, hiyo ni mota inayoungua koili zake. Harufu ya plastiki, au wakati mwingine inayofanana na samaki, hutokana na plagi, soketi au viunganishi vya nyaya vilivyopata joto, na hii ya mwisho haina uvumilivu: mtu akiinusa azime umeme kwenye swichi kuu mara moja. Ipo pia harufu isiyo na madhara, ile ya hita mpya inayochoma mafuta ya kiwandani katika mizunguko michache ya mwanzo, lakini yako ina umri wa miaka 6, kwa hiyo hiyo haikuhusu.

Nyuzinyuzi zinafikaje kwenye hita wakati kuna kichujio? Kuna utepe mzito wa sufu unaozunguka ukingo wa pipa, mbele na nyuma, unaoziba nafasi kati ya pipa linalozunguka na kuta zisizozunguka. Utepe huo ukichakaa au kuchanika, nyuzinyuzi hupenya na kumwagika ndani ya kabati la mashine, zikatua juu ya mota, juu ya nyaya na kando ya hita. Bomba likiziba, mambo huharibika zaidi, kwa kuwa hewa iliyokosa njia ya kutokea nyuma hutafuta kila upenyo na kuzibeba nyuzinyuzi kupita hapo. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba kusafisha bomba hakutoshi katika hali yako. Mashine lazima ifunguliwe, ikiwa imechomolewa, na tumbo lake lote lisafishwe kwa kifyonza vumbi na brashi laini. Usipulize kwa hewa ya nguvu, maana utazisukuma nyuzinyuzi ndani ya mota.

Kuhusu bomba la alumini, libadilishe. Mikunjo yake ndiyo inayokamata nyuzinyuzi, na likishabanwa mara moja halirudi katika umbo lake. Tumia bomba gumu la chuma lenye uso laini ndani, la kipenyo cha milimita 100, na viungo vyake vifungwe kwa utepe wa alumini, si kwa skrubu zinazotokeza ndani, kwa sababu kila ncha ya skrubu inakuwa ndoano ya nyuzinyuzi. Mabomba ya plastiki hayafai kabisa, yanaweza kushika moto. Kwenye mwisho wa nje weka kilango chepesi kisicho na wavu. Wavu unaowekwa kuzuia ndege huziba haraka kuliko ndege mwenyewe angeweza kuziba. Mita 5 na kona mbili ni urefu wa kawaida. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu nyingi za Marekani, kwa mfano, huruhusu mita 10.7 mtengenezaji asipotaja vinginevyo, na kila kona ya nyuzi 90 huhesabiwa kama mita 1.5 za bomba lililonyooka. Kwa hesabu hiyo bomba lako ni sawa na mita 8. Tatizo halikuwa urefu.

Mpimaji

Naomba niongeze kuhusu plagi, kwa kuwa FundiMkongwe ameigusa na dada ana watoto ndani ya nyumba. Mashine ya wati 2,500 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 11. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa nusu ohmu tu, kiasi ambacho hakuna atakayekiona kwa macho, kitazalisha karibu wati 59 za joto mahali padogo kama ukucha, yaani joto la chuma cha kusolda likiwa ndani ya plagi. Mashine ikishatengenezwa, iendeshe kwa nusu saa, izime, chomoa plagi na uguse mwili wake. Ikiwa ya uvuguvugu si ajabu. Ikiwa ya moto, au miguu yake imebadilika rangi, plagi na soketi vibadilishwe pamoja, kwa sababu kimoja kilichoungua hukiharibu kingine kipya. Na isiunganishwe kwa waya wa kurefushia.

Mfuaji

Nimesoma mazungumzo haya yote na naona upande wa mashine umeelezwa vizuri kuliko ninavyoweza. Nimefanya kazi ya kufua na kukausha nguo za watu kwa miaka mingi, na ningependa kugusia upande wa nguo zenyewe, kwa sababu ndiko nilikopata somo langu.

Siku moja tulikausha taulo zilizokuwa zimetumika kufuta mafuta. Zilikuwa zimefuliwa na zilionekana safi. Mzunguko ulipokaribia kwisha, mwenzangu aliisimamisha mashine kabla ya sehemu ile ya mwisho ambapo pipa huzunguka bila joto, akazitoa taulo zikiwa za moto na kuzirundika kwenye kikapu. Saa mbili baadaye tulisikia harufu ya kuungua, na tulipolifunua rundo lile, katikati yake palikuwa pamegeuka rangi ya kahawia na panatoa moshi, ilhali taulo za juu zilikuwa za kawaida. Hakukuwa na moto wala cheche karibu.

Mafuta ya mimea, yakiwemo ya kupikia, ya kukandia mwili, na hasa yale ya kitani yanayopakwa kwenye mbao, huungana na oksijeni ya hewani na kuzalisha joto yenyewe. Katika nguo iliyotandazwa joto hilo hupotea. Katika rundo la moto linakusanyika, na likikusanyika mafuta yanaungana na oksijeni haraka zaidi. Kufua kwa maji ya moto na sabuni ya kutosha hupunguza mafuta lakini hakuyamalizi yote. Kwa hiyo nguo zilizoloa mafuta zianikwe, zisiingizwe kwenye mashine kabisa. Vilevile usiingize vitu vyenye sponji ya mpira, kama mito na mazulia ya bafuni yenye mgongo wa mpira. Mzunguko uache umalizike wenyewe pamoja na zile dakika za kupooza, na ukilazimika kuukatiza, zitoe nguo zote mara moja na uzitandaze.

Mama Watatu, je, kuna nguo za namna hiyo ambazo huwa unazikausha? Naomba pia uwaeleze wote nyumbani kwamba wakiona moshi ukitoka kwenye pipa wasifungue mlango wake, kwa sababu hewa itakayoingia ndiyo itakayoupa moto nguvu. Wazime umeme kwenye swichi kuu kama wanaweza kuifikia kwa usalama, watoke nje, na wawaite watu wa zimamoto.

MamaWatatu

Ndugu Mfuaji, simulizi yako imenishtua, na kwa kweli imenifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Taulo za jikoni huwa nazikausha humo pamoja na nguo nyingine, na kwenye zile dakika za mwisho mara kwa mara nimekuwa nikifungua mlango kwa haraka ya kukunja nguo. Nitaacha. Watoto wakubwa wawili nimekwisha kuwaeleza kuhusu mlango, na nimewaonyesha swichi kuu ilipo.

Leo nimerudi na taarifa kamili. Nilimpata fundi mwingine, mtu mtulivu, ambaye kabla ya kugusa chochote aliuliza bomba linatokea wapi. Alifungua mashine ikiwa imechomolewa. Utepe wa sufu wa upande wa nyuma ulikuwa umechanika kwa urefu wa sentimita 20 hivi, na chini yake, kuzunguka ganda la hita, kulikuwa na nyuzinyuzi za kujaza ndoo ndogo. Zile zilizokuwa karibu kabisa na ganda zilikuwa za rangi ya kahawia, na nyingine nyeusi zinazovunjika ukizishika. Alinionyesha bila kusema neno, nami sikuwa na la kusema. Hita ilisoma ohmu 22, na kati ya koili na ganda multimita haikuonyesha njia yoyote. Feni ilikuwa nzima ila imevaa nyuzinyuzi kwenye mapanga yake. Amebadilisha utepe, amesafisha kila kitu, na ameweka fyuzi mpya ya joto yenye kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye ile ya zamani, kwa kuwa alisema ile ilikuwa imeteseka vya kutosha. Bomba sasa ni la chuma, na kilango cha nje ni kipya.

Tumekausha mizigo miwili. Taulo zimekauka kwa dakika 45. Harufu ilikuwepo kidogo sana katika dakika 10 za kwanza za mzigo wa kwanza, na katika wa pili sikuisikia. Plagi ni ya uvuguvugu tu. Je, harufu ile ya mwanzo inatosha kunitia wasiwasi?

FundiMkongwe

Dada, nimefurahi sana kusoma taarifa hii, na tafadhali mfikishie fundi huyo heshima zangu. Mabaki machache yaliyoganda kwenye ganda la hita huweza kutoa harufu katika mzunguko wa kwanza baada ya usafi, hivyo kwa kuwa katika mzigo wa pili haikuwepo, sioni la kukutia wasiwasi. Ikirudi katika mizigo ijayo, izime na ifunguliwe tena.

Kimebaki kipimo kimoja, kile alichokitaja Mpimaji, ambacho sasa kina maana kwa kuwa njia ya hewa iko wazi. Weka kipimajoto mahali hewa inapotokea nje, washa mashine kwa joto la juu ikiwa na taulo chache zenye unyevu, na uangalie hadi taulo zikaribie kukauka. Katika mashine nyingi za aina yako themostati hukata hita hewa inayotoka inapofika kati ya nyuzi 60 na 70, kisha huiwasha tena ikishuka. Joto likizidi 75 na kuendelea kupanda, themostati imechoka na ibadilishwe kabla hujaitumia tena. Na unapoirudisha mashine mahali pake, iache mbali na ukuta kiasi cha bomba kukaa bila kukunjwa; weka alama sakafuni ili mtu anayefagia asiisukume nyuma bila kujua.

MamaWatatu

Alama nimeiweka. Nimepima jioni hii, kwa saa moja nzima: joto lilipanda hadi nyuzi 66, hita ikazima, likashuka hadi 54, hita ikawaka tena, na ikaendelea hivyo mara 5 bila kuvuka 67. Juu ya mashine naweza kuacha kiganja changu sasa.